Eti wachungaji wa Marekani ya kikoloni walipigana kwa vijitabu, ni kweli au mzee ananidanganya?

Kijana_Namakwekwe

Habarini wakubwa kwa wadogo. Mimi niko Mbale, kuna kitu kimenikaa kichwani nataka wenye kujua wanisaidie. Hapa kwenye paki ya taksi kuna vita ya karatasi. Mhubiri mmoja anauza kijitabu kinasema mchungaji fulani ni nabii wa uongo, kurasa chache tu zimepigwa pini katikati, haikupita muda na huyo mchungaji akatoa chake cha kujibu, hata jina la kitabu limejibu jina la kile cha kwanza, sasa abiria wananunua vyote viwili wanasoma garini mpaka Soroti wanacheka tu.

Sasa kuna mzee jirani yetu alikuwa mwalimu wa historia zamani, aliona hivyo vijitabu akasema haya si mapya, hata Marekani wakati bado iko chini ya Mwingereza wachungaji walichapana hivi hivi miaka nenda miaka rudi, wakazoea ubishi mpaka siku moja wakamgeukia mfalme mwenyewe. Alafu akaingia ndani kunywa chai, si mnawajua wazee.

Naomba kuuliza. Ni kweli? Nani na nani, na waligombania nini? Kwa nini vijitabu na si magazeti? Na hii ndo inanisumbua zaidi, nani alikuwa analipa, maana kuchapa si bure. Mnijibu kwa lugha ya kawaida tafadhali.

Mwalimu_Mvara

Mwanangu salaam kutoka Arua. Mzee wako hajakudanganya, amekukatia tu stori katikati.

Anza na Roger Williams. Alikuwa mchungaji Massachusetts, koloni ya Wapuritani, yani watu walioondoka Uingereza kwa sababu kanisa la mfalme liliwabana, na walipofika ng'ambo na wao wakaanza kubana wengine. Williams akasema serikali haina kazi na roho ya mtu. Hakimu aadhibu mwizi na muuaji, lakini mambo ya kuabudu amwachie mtu na Mungu wake, hata kama mtu huyo ni Myahudi, hata kama ni Mwislamu, hata kama anafuata mila za mababu. Mwaka 1635 mahakama ikaamua afukuzwe. Walikuwa wanapanga kumpakia melini arudishwe Uingereza, yeye akatoroka katikati ya baridi kali Januari 1636, wenyeji wa nchi ile wakampokea, na mwaka huohuo akaanzisha mji wa Providence.

Sasa utamu wenyewe. Mwaka 1644, akiwa London, akachapa kitabu kusema kuwatesa watu kwa ajili ya imani ni fundisho la damu. Mchungaji John Cotton wa Boston akajibu mwaka 1647, na jina la kitabu chake linasema fundisho hilo limeoshwa likawa jeupe katika damu ya Mwanakondoo. Unafikiri Williams alinyamaza? Mwaka 1652 akatoa kingine, jina lake linasema fundisho la damu limezidi kuwa la damu baada ya Bwana Cotton kujaribu kuliosha. Ni kama malumbano ya washairi wa Kiswahili, unalidaka neno la mwenzio unamrudishia limepinduliwa. Hao wako wa paki ya taksi wamechelewa miaka karibu mia nne.

Kwa nini London? Kwa sababu Massachusetts wakati ule ilikuwa na mashine moja tu ya kuchapa, iko Cambridge, tena chini ya macho ya wakubwa haohao waliomfukuza. Na hata London haikumsaidia sana, Bunge liliamuru kile cha kwanza kichomwe moto mwaka huohuo wa 1644.

Kuhusu magazeti, hayakuwepo. Mtu anaitwa Benjamin Harris alijaribu moja Boston mwaka 1690, likatoka toleo moja tu, serikali ikafunga. Lililodumu lilianza 1704, nalo lilikuwa karatasi ndogo ya habari za meli na za Ulaya. Mwenye hoja ya kurasa arobaini angeiweka wapi? Kwenye kijitabu.

Na kwa sababu uko Mbale, hapo mna Kanisa la Marafiki, si ndio? Hao Marafiki ndo walitawala Pennsylvania, na mwaka 1692 wenyewe kwa wenyewe waligombana, mtu anaitwa George Keith akaandika dhidi ya wazee wa kanisa, na mchapaji wake William Bradford akatiwa ndani na vifaa vyake vikachukuliwa. Mwaka uliofuata akahamia New York. Watu wa amani hao.

Mchapaji_Nasser

Swali la pesa niachieni mimi. Niko Nasser Road hapa Kampala, kazi yangu ni kuchapa, vitabu vya mahubiri, kalenda, kadi za harusi, mabango ya kampeni, vyote vinapita mikononi mwangu, na historia ya hii kazi naipenda kuliko mpira.

Kijitabu cha wakati ule ni karatasi kubwa chache zimekunjwa zikashonwa uzi pembeni, hakuna jalada gumu. Ndo maana kilikuwa rahisi na cha haraka. Lakini haraka yao si hii yetu. Mashine ilikuwa ya mbao, ya kuvuta kwa mkono. Mpangaji anasimama mbele ya sanduku lenye vyumba vyumba, anaokota herufi za risasi moja moja, anazipanga kinyume kwenye kijichuma cha mkononi, mstari baada ya mstari, ukikosea neno moja unachomoa unaanza tena. Ukurasa ukijaa unafungwa kwenye fremu ya chuma. Alafu wanasimama watu wawili kwenye mashine, mmoja anapaka wino kwa mipira ya ngozi iliyojazwa sufu, mwingine anaweka karatasi iliyoloweshwa kidogo, anavuta mkono wa mashine, anatoa, anaweka nyingine. Wakiwa wazoefu wanatoa kama karatasi 200 na kitu kwa saa, upande mmoja tu. Inatundikwa kwenye kamba ikauke, ndo mgeuze upande wa pili. Na karatasi yenyewe ilitengenezwa kwa matambara, nguo kuukuu za kitani, wachapaji walikuwa wanaomba kina mama wawawekee matambara wasiyatupe. Karatasi nyingi na herufi nyingi zilitoka Uingereza kwa meli.

Nani analipa? Mara nyingi mwandishi mwenyewe, au marafiki zake, au waumini wanachangishana mahubiri ya mchungaji wao yachapwe. Wakati mwingine mchapaji anabeba hasara na faida mwenyewe kama anaona kitu kitauzika. Na mchapaji hana dini kwenye kaunta bwana. Mfano mzuri ni Robert Bell wa Philadelphia. Januari 1776 alichapa Common Sense ya Thomas Paine, ile ya kusema tuachane na mfalme kabisa, aliuza shilingi mbili. Miezi michache baadae nani alichapa kijitabu cha kumpinga Paine kinaitwa Plain Truth? Bell huyohuyo! Mimi namwelewa kabisa. Mwezi wa kampeni nachapa bango la huyu asubuhi na la mpinzani wake jioni, mradi kila mtu alipe advansi.

Paine na Bell walikosana pia. Paine alisema fungu lake la faida liende kununua glovu za sufu za wanajeshi waliokuwa wanapigana kule Quebec kwenye baridi, Bell akasema faida gani, hakuna faida. Paine akahamia kwa wachapaji wengine, Bell akaendelea kuchapa kwa nguvu, wakaanza kutukanana magazetini. Mteja na mchapaji, stori ni ileile.

Sikubali_Tororo

Mnatuletea stori tamu lakini mimi sikubali hii habari ya wachungaji. Shida ya Marekani ilikuwa kodi. Sheria ya Stempu 1765, Mwingereza anataka kila karatasi ipigwe stempu ilipiwe, magazeti, hati za mahakamani, mpaka karata za kuchezea na dadu, na HIVYO VIJITABU VYENYEWE vilikuwemo. Sasa ukitoza kodi watu ambao kazi yao ni kuandika na kuchapa unategemea nini, watakuandika. Dini ilikuwa nguo tu ya juu, ukiivua unakuta pesa.

Hata hao wachungaji wenyewe walikuwa na njaa. Virginia kule mchungaji wa kanisa la serikali alilipwa kwa tumbaku, ratili 16,000 kwa mwaka, sheria ilisema hivyo. Ikaja ukame tumbaku ikapanda bei, wenye nchi wakapitisha sheria 1758 kwamba wachungaji walipwe pesa kwa bei ya chini, peni mbili kwa ratili. Wachungaji wakalalamika mpaka kwa mfalme, mfalme akaifuta ile sheria. Hapo vijitabu vikaanza, upande mmoja mchungaji John Camm, upande wa pili wakubwa wa nchi Richard Bland na Landon Carter, matusi ya nguvu, na mchapaji wa Williamsburg akakataa kumchapia Camm mpaka akaenda koloni ya jirani Maryland. Mchungaji mwingine James Maury alishtaki alipwe mshahara wake uliopunjwa, kesi ikaamuliwa mwaka 1763. Baraza la mahakama, yani wananchi waliokaa kuamua kesi, likampa... PENI MOJA. Wakili wa upande wa pili alikuwa kijana anaitwa Patrick Henry, akasema mfalme anayefuta sheria nzuri ya watu anageuka kuwa mdhalimu. Kumbe ni nini hapo, dini au mshahara?

Mwalimu_Mvara

Bwana wa Tororo umeongea vizuri na hiyo kesi ya tumbaku umeieleza kuliko vitabu vingi. Lakini hesabu miaka.

Sheria ya Stempu ni 1765. Januari 1750, yani miaka kumi na mitano kabla, mchungaji Jonathan Mayhew wa Boston alipanda mimbarani akahubiri juu ya Warumi 13. Unaijua hiyo, kila mwanasiasa anaijua, "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu". Mayhew akasema sawa, lakini someni mpaka mwisho, Paulo anasema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yako. Akiacha kutenda mema akawa mnyang'anyi, basi si yule Paulo aliyemsema, na kumpinga si dhambi. Mahubiri hayo yalichapwa kama kijitabu yakasomwa kote. Na aliyahubiri kwa makusudi kabisa, ilikuwa majira ya kumbukumbu ya mfalme Charles wa Kwanza aliyekatwa kichwa mwaka 1649, Waanglikana walikuwa wanamwombolezea kama shahidi wa imani. Mayhew anasema shahidi wa nini? Hapo kodi iko wapi?

Alafu kuna hofu ya maaskofu, hii wengi hawaijui. Mpaka Marekani inapata uhuru hakukuwa na askofu hata mmoja wa Kianglikana kwenye makoloni, kijana anayetaka upadri alivuka bahari mpaka London kuwekewa mikono. Waanglikana wakaomba waletewe askofu wao, ombi la kawaida kabisa ukiwauliza wao. Lakini wale wengine waliokuwa wajukuu wa watu waliofukuzwa na maaskofu waliona hatari. Mayhew mwaka 1763 akalishambulia shirika la kimisheni la Waanglikana (si CMS iliyokuja huku kwetu 1877, ni lingine la zamani zaidi) akisema pesa za kupeleka Injili kwa wasioijua wanazitumia kujenga kanisa Cambridge mlangoni pa chuo cha Harvard, kwani Harvard hawajui Injili? Mwaka uliofuata akajibiwa kwa kijitabu kisicho na jina la mwandishi. Mwandishi alikuwa nani? Askofu Mkuu wa Canterbury mwenyewe, Thomas Secker! Fikiria mchungaji wa mtaa anaandika kijitabu na Canterbury inachukua kalamu kumjibu.

Wakati stempu inakuja, bwana wa Tororo, hao watu walikuwa tayari wana mazoezi. Walishajua kuuliza "nani amekupa mamlaka hayo juu yangu", waliuliza kwanza kwa askofu, alafu wakaliuliza Bunge. Kodi ilileta hasira. Lugha ya kuisema hiyo hasira walikuwa nayo zamani.

Sikubali_Tororo

Lugha sawa. Lakini mtu hapigani kwa sababu ya lugha mwalimu.

Sista_Walukuba

Samahani naingia na mimi, niko Jinja ni nesi. Mnazungumza maaskofu na tumbaku na mmeruka kile kijitabu kinachonihusu mimi na kinachotuhusu sisi Waafrika wote.

Boston 1721. Meli ilileta ndui mwezi wa nne. Mji ule ulikuwa na watu kama 11,000, na kabla haijaisha karibu 5,900 waliugua na 844 wakafa. Sasa kulikuwa na mchungaji mkubwa anaitwa Cotton Mather, na huyu miaka ya nyuma waumini wake walimpa mtumwa, mtu wa Afrika Magharibi, wakamwita Onesimus kama yule wa kwenye barua ya Paulo kwa Filemoni. Siku moja Mather akamuuliza, wewe uliwahi kuugua ndui? Akajibu ndio na hapana. Akamweleza kwamba kwao unachukuliwa usaha kidogo wa mgonjwa, unachanjwa kwenye ngozi na kutiwa ule usaha, unaugua kidogo alafu hauugui tena maisha yako, akamwonyesha na kovu mkononi. Mather akaenda akawauliza Waafrika wengine mjini, wakasema jambo lilelile. Akasoma pia kwamba Waturuki wanafanya hivyo.

Ndui ilipoingia Mather akawaandikia madaktari, wote wakakaa kimya isipokuwa mmoja, Zabdiel Boylston. Mwezi wa sita Boylston akamchanja mtoto wake mwenyewe wa miaka sita, pamoja na mtumwa wake na mtoto wa huyo mtumwa. (Hao wawili waliulizwa kama wanakubali? Mimi kama nesi lazima niulize hilo.) Mji ukalipuka. Vijitabu vikaanza kumwagika, na kinachonishangaza ni kwamba pande zilipinduka. Wachungaji ndo walikuwa wanatetea chanjo, na daktari mwenye digrii, William Douglass, ndo anaipinga. Wapinzani wakasema kumpa mtu asiyeumwa ugonjwa ni kuvunja amri ya usiue, ni kumnyang'anya Mungu kazi yake. Wachungaji wakajibu dawa nayo ni zawadi ya Mungu. Na Douglass akaongeza dharau, eti ushahidi wa Waafrika ni wa kuaminiwa? Watu waongo hao. James Franklin akaanzisha gazeti lake mwezi wa nane kuwapiga wachungaji, na mdogo wake Benjamin alikuwa hapohapo kiwandani anajifunza kazi.

Mwezi wa kumi na moja mtu akarusha bomu usiku dirishani kwa Mather. Halikulipuka, utambi uling'oka lilipopita dirishani. Lilikuwa limefungwa karatasi imeandikwa matusi, wewe mbwa Mather, nitakuchanja na hili.

Mwisho wa yote Boylston alikuwa amechanja watu takriban 240, wakafa 6. Pigeni hesabu wenyewe. Kati ya walioipata yenyewe alikufa karibu mmoja kwa kila saba, kati ya waliochanjwa ni mmoja kwa kila arobaini. Boylston aliziandika namba zote.

Huku kwetu ilikuwa kinyume, mnakumbuka Abamalaki? Malaki Musajjakawa na wenzake kuanzia 1914 walikataa dawa za hospitali kwa msingi wa Biblia, hata Kakungulu wa hapo Mbale aliwahi kuwa pamoja nao kabla ya kuanzisha Abayudaya, yani Wayahudi wa Uganda. Biblia ileile moja inatetea sindano Boston na kuikataa Buganda. Mimi bado kila kampeni ya polio nakutana na mama ana karatasi mkononi imeandikwa chanjo ni alama ya mnyama, na imechapwa vizuri, rangi nne.

Mchapaji_Nasser

Sista mimi siyo niliyechapa hiyo!! 😂

Mnubi_Bombo

Asalaam aleikum. Asante musawo kwa Onesimus, nilikuwa sijamjua. Na mimi naongeza la utumwa kwa ufupi. Mwaka 1700 hukohuko Boston jaji Samuel Sewall alichapa kijitabu cha kurasa tatu tu kupinga biashara ya watumwa, alikiita kwa jina la kuuzwa kwa nabii Yusuf. Hoja yake ni kwamba wote ni wana wa Adam, na Yusuf ndugu zake hawakuwa na haki ya kumuuza, kwa hivyo na mnunuzi hakununua kitu halali. Huyu Sewall ni mmoja wa majaji walionyonga watu kule Salem kwa kesi za uchawi, na mwaka 1697 alisimama kanisani mbele ya watu wote, karatasi ya kuomba toba ikasomwa juu yake.

Mwaka uliofuata jaji mwenzake John Saffin akamjibu kwa kijitabu, anasema Ibrahim alikuwa na watumwa, basi tatizo liko wapi, na mwishoni akaweka shairi la kuwatukana watu weusi. Lakini ukweli ni kwamba Saffin alikuwa na kesi yake. Alikuwa na mtumwa anaitwa Adam, alimwahidi kwa maandishi kwamba akitumikia miaka saba atakuwa huru, miaka ikaisha Saffin akageuka. Adam akaenda kudai haki yake, akapigania mpaka 1703 akaipata. Kwa hiyo kuna vijitabu viwili vya majaji wawili, na katikati kuna mtu mmoja mwenye karatasi yake moja mkononi, na yeye ndo alishinda.

Kijana_Namakwekwe

Bannange mmenifundisha mpaka nimeogopa. Mzee nimemsomea yote akasema "sasa waulize upande wa mfalme walisema nini, au hawakuwa na kalamu?" Naombeni na hilo. Na kwa nini wengine walificha majina?

Wakili_Mtarajiwa

Hilo nitajibu mimi nasomea sheria hapa Kampala.

Majina yalifichwa kwanza kwa sababu ya uchochezi. Kwa sheria ya Mwingereza ukiandika kitu cha kuwashushia wakubwa heshima umekosa, na kikiwa KWELI ndo kosa linakuwa kubwa zaidi. New York 1735 mchapaji John Peter Zenger alishtakiwa kwa kumwandika gavana kwenye gazeti, wakili wake Andrew Hamilton hakukana kwamba alichapa, aliwaambia tu wale wazee wa baraza wapime wenyewe kama ni uongo, wakamwachia. Sheria haikubadilika siku ileile lakini kumfunga mchapaji kukawa kugumu. Sisi huku kosa la uchochezi Mahakama ya Katiba ililifuta Agosti 2010, hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Upande wa mfalme walikuwa na kalamu kali tu. Bora kwangu ni Samuel Seabury, mchungaji wa Kianglikana Westchester karibu na New York. Mwishoni mwa 1774 Kongresi, yani mkutano wa wajumbe wa makoloni, imepitisha mgomo wa kutonunua wala kuuza bidhaa za Mwingereza, yeye akaandika akijifanya mkulima wa kawaida. Na hakuanza na mfalme wala Biblia, alianza na shamba. Mkigoma nani ataumia? Mfanyabiashara wa mjini ana mali stoo atapandisha bei, wewe mkulima mbegu zako za kitani utamuuzia nani? Na hizo kamati zitakazoingia nyumbani kwako kukagua kama umekunywa chai, nani alizichagua? Kama ni lazima niwe mtumwa, anasema, basi afadhali wa mfalme kuliko wa kamati ya wahuni. Hoja nzito mpaka leo.

Aliyemjibu, tena mara mbili, Desemba 1774 na Februari 1775, pia bila jina, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha King's pale New York, kijana aliyetoka visiwa vya Karibiani, Alexander Hamilton. Ndiye huyohuyo aliyekuja kuwa waziri wa fedha wa kwanza wa Marekani.

Sasa mpaka hapo ni karatasi kwa karatasi, safi. Shida ni kilichofuata. Vijitabu vya Seabury vilichomwa hadharani, vingine vikapakwa lami na kubandikwa manyoya kama wanavyomfanyia mtu. Novemba 1775 kundi la wapanda farasi la Isaac Sears likamkamata Seabury, na safari hiyohiyo wakaingia New York mjini wakavamia duka la mchapaji wake James Rivington, wakabeba herufi zake za risasi wakaondoka nazo. Machi 1776 mchungaji mwingine Charles Inglis aliandika kijitabu cha kumjibu Paine, kikiwa bado kwa mchapaji Samuel Loudon watu wakavamia usiku, wakachukua karatasi zote wakazichoma. Inglis alilazimika kukichapa upya Philadelphia kwa jina jingine. Wote hao wanaochoma wanajiita watetezi wa uhuru! Kwa hiyo mimi nikisikia kwamba vijitabu vilileta demokrasia nauliza, hoja ya Inglis ilishindwa kwa kalamu au kwa kiberiti?

Na Seabury na Inglis wote walikuja kuwa maaskofu, Seabury ndiye wa kwanza wa Marekani huru, aliwekwa wakfu Scotland 1784. Ile hofu ya Mayhew ilitimia bila mtu kupiga kelele.

Sikubali_Tororo

Ona sasa. "Mbegu zako za kitani utamuuzia nani." Pesa! Nilisema tangu mwanzo.

Mwalimu_Mvara

Lakini Paine aliwashinda wote, bwana wa Tororo, na Common Sense ina kurasa nzima nzima za 1 Samweli sura ya 8, Waisraeli wanaomba mfalme na Mungu anakasirika. Paine mwenyewe hakuwa mtu wa kanisa, baadae aliandika kitabu kizima cha kuishambulia Biblia. Alijua tu wasomaji wake wanasikia lugha gani. Yeye mwenyewe alidai kiliuza nakala 120,000 ndani ya miezi mitatu.

Mchapaji_Nasser

120,000? Mwalimu hapo ngoja nitoe kalkuleta.

Kile cha Bell kilikuwa na kurasa kama 80. Karatasi kubwa moja ikikunjwa inatoa kurasa 16, kwa hio karatasi 5 kwa kitabu kimoja. Mara 120,000 ni karatasi 600,000. Kila moja inavutwa mara mbili, mbele na nyuma, ni mivuto 1,200,000. Kwa 200 kwa saa ni masaa 6,000. Mashine moja ikifanya masaa kumi kwa siku ni siku 600. Kilichapwa miji mingi na mashine nyingi, kwa hio mikono ingeweza kupatikana, wacha tumpe hilo. Lakini karatasi 600,000 ni rimu 1,200 za matambara, kwenye nchi ambayo imegombana na muuza karatasi na bandari zina manowari. Na kila mchapaji bado ana magazeti yake na kalenda zake. Hata wanahistoria wengine wanaona ile namba imezidishwa. Kiliuza sana, hakuna kitu kama hicho kilichowahi kuonekana kule, lakini mwandishi akikuambia nakala ngapi zimeuzwa muulize mchapaji.

Mimi mteja akija na hiyo oda namwambia lete karatasi kwanza alafu tuongee bei.